Rede, mdako na kombolela kwa darasa zima: naomba sheria na vipimo

mwl_lanne

Salaam wakuu. Nina darasa la nne lenye watoto 48 na vipindi viwili vya michezo kwa wiki, kila kimoja dakika 40. Mpira wa miguu unachukua wavulana wachache, waliobaki wanakaa kivulini. Nataka kipindi kimoja kiwe cha rede (kukwepa mpira unaorushwa) na mdako (kurusha na kudaka jiwe huku ukichota kokoto shimoni), na kombolela (kujificha na kulinda kopo) ikipatikana nafasi.

Michezo yenyewe naifahamu. Kinachonishinda ni kwamba kila mtoto amekuja na sheria za mtaani kwao. Huyu anasema mpira ukidunda chini kisha ukamgusa amekufa, yaani ametoka mchezoni, yule anasema hajafa, na nusu ya kipindi inaishia kwenye ubishi. Naomba wenye uzoefu mnisaidie: uwanja wa rede uwe na mita ngapi, mpira utengenezwe na nini usiumize, chupa ya kujaza mchanga katikati ya uwanja wa rede ni ya lazima au la, mdako uwe na kokoto ngapi na shimo la ukubwa gani, na waliokufa mapema nifanye nao nini. Uwanja wetu ni wa udongo, na kuna kibaraza cha saruji upande mmoja. Fedha ya vifaa hakuna.

---

bintichumbageni

Karibu mwalimu. Mimi nianze na rede.

Chora mistari kwanza, kwa sababu ugomvi mwingi wa rede unatokana na mistari kutokuwepo. Mistari miwili ya warushaji itazamane, katikati yake mita 9 au 10 kwa watoto wa umri huo. Ukipunguza chini ya mita 7, mpira unamfikia mtoto kabla hajajua umetoka mkononi. Ukizidisha mita 12, wenye mikono midogo wanaurusha juu juu na kila mtu anaukwepa kwa kutembea tu, mchezo unapoa. Halafu weka mistari ya pembeni, upana wa mita 5. Mitaani hii haichorwi, ndiyo maana unakuta walio kati wamekwepa mpaka uani kwa watu. Anayevuka mstari wa pembeni ili kukwepa amekufa.

Watoto 48 wagawe viwanja vinne, kila kimoja watu 12, timu mbili za watu sita. Sita wanaingia kati, sita wanarusha. Wanaorusha wajigawe watatu kila upande: mmoja amesimama kwenye mstari na mpira, wawili wako mita tatu nyuma yake kudaka mpira unaopita. Usiwaache hao wawili. Rede ya warushaji wawili watupu inakufa kwa sababu mpira mmoja uliopotea unakula muda wa mirusho sita. Kila baada ya mirusho mitano upande huo, mrushaji arudi nyuma na mwingine aje mbele, la sivyo wenye nguvu watauhodhi mpira kipindi kizima.

Sasa kufa. Hizi ndizo sheria za kutangaza kabla mpira haujashikwa:

Mpira ukikugusa moja kwa moja kuanzia mabegani kwenda chini, umekufa. Nguo ni sehemu ya mwili. Usipolisema hili, mwenye sketi pana atabisha mpaka kengele.

Mpira uliodunda chini kwanza haumuui mtu. Ukiruhusu wa kudunda, warushaji wataacha kulenga na kuviringisha mpira chini, ukapitia miguu ya watu watatu kwa mpigo.

Mpira ukimgonga mmoja kisha ukamrukia mwingine, amekufa wa kwanza peke yake.

Kichwani hakuhesabiwi, na mrushaji anapoteza zamu yake hapo hapo. Sheria hii ndiyo inayowafundisha kulenga kiuno na mapaja.

Anayeudaka mpira hewani anamfufua mwenzake mmoja, yule aliyetangulia kufa. Akiugusa ukamponyoka, amekufa yeye. Basi kudaka kunakuwa na gharama, na mtoto anapima kabla ya kunyoosha mikono.

Kuhusu kukwepa, kosa kubwa la wanaojifunza ni kukimbia kinyumenyume. Wanajikwaa na kuangukia mgongo. Wafundishe kumtazama mrushaji kwa ubavu, mguu mmoja mbele mmoja nyuma, ili wawe na njia mbili za kutoka. Kosa la pili ni kumkimbia mwenye mpira mpaka kwenye pua ya mrushaji wa upande wa pili. Mpira ukipita, huyo wa pili anao mkononi na wewe uko mita moja kutoka kwake. Kaa kama theluthi mbili ya uwanja kutoka kwa mwenye mpira, na mpira ukishapita tu, geuka na uanze kurudi kabla haujadakwa.

---

likoni_kati

Ndugu mwalimu, huku kwetu Mombasa mchezo huo ni kati, na hatuweki chupa kabisa. Wa kati wanakwepa, wanakufa mmoja mmoja hadi abaki wa mwisho. Huyo wa mwisho ndiye utamu wenyewe: warushaji wanahesabiwa mirusho kumi kwa sauti, uwanja wote ukiitikia. Akiimaliza kumi hajaguswa, timu yake yote inafufuka na kuanza upya. Akiguswa hata ya tisa, timu zinabadilishana.

Kwa watoto wa miaka tisa ningeshauri mirusho minane, kwa maana mpira ukirushwa upesi upesi watoto huchoka kabla ya kumi. Na muweke sharti kwamba mrusho usiofika mstari wa pili haupunguzi hesabu. Tena mpira huo mfupi uokotwe na kurudishwa mstarini ndipo urushwe, bila hilo warushaji hurusha mpira mfupi makusudi ili wa upande wao ausogelee, auokote karibu na mtu na kumgonga.

Chupa naona huchelewesha mchezo. Watoto hujikusanya pale kwenye mchanga na ni kama kuwapanga wapigwe.

---

bintichumbageni

Kaka wa Likoni, kumi ya mwisho ni nzuri na mwalimu aichukue. Ila chupa nitaitetea. Bila chupa, mwoga anaweza kusimama pembeni muda wote na asiguswe, wala asifanye lolote. Chupa inamtoa pembeni. Lazima mtu akainame kwenye mchanga huku mpira ukiwa hewani, na wenzake wamwite kumwambia mpira uko wapi.

Mwalimu, inachezwa hivi. Katikati ya uwanja weka chungu ya mchanga na chupa moja ya plastiki. Ya kioo usiikaribishe, itapigwa na mpira au itakanyagwa. Mpira ukiwa umepita na warushaji wanauokota, mmoja wa kati anachuchumaa na kujaza. Akiguswa na mpira akiwa kwenye chupa amekufa, lakini mchanga uliokwisha kuingia unabaki, na mwenzake anaendelea pale alipoishia. Chupa ikijaa hadi mdomoni, anainyanyua juu wote waone, anaimwaga chini, na timu inapata pointi moja au inamfufua mtu. Chagueni kimojawapo kabla ya kuanza.

Mambo matatu huiharibu. Mchanga mbichi: unaganda kwenye shingo ya chupa na mtoto anaanza kuchokonoa kwa kijiti. Anika au chekecha mapema, toa mawe na majani. Chupa kubwa: ya nusu lita ni ndefu mno kwa zamu ya dakika tano, tafuta ndogo za maji au juisi za mililita 300 hivi. La tatu, mpira ukiiangusha chupa. Sisi tunasema uliomwagika umemwagika, uliobaki ndani ndio wenu. Warushaji wakijua hivyo wataanza kuilenga chupa badala ya watu, na hapo wa kati wanapata nafasi ya kuhama. Ni mchezo ndani ya mchezo, usiukataze.

---

mshonaji_wa_mitumba

Nije kwenye mpira. Zamani tulitumia mifuko ya nailoni iliyofungwa kwa kamba. Kwa sasa hiyo ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku, Kenya tangu Agosti 2017 na Tanzania bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na kwa kweli kwa rede haikuwa nzuri. Nailoni ikikazwa sana inakuwa ngumu, na fundo la kamba likimpata mtoto usoni linaacha alama.

Tumia soksi ndefu zilizotoboka. Kwa mpira mmoja unahitaji soksi mbili na matambara ya kujaza kiganja kimoja na nusu. Matambara yawe ya pamba laini, fulana za zamani zinafaa zaidi. Jinzi ni nguo nzito, unapata mpira mgumu. Ondoa vifungo, zipu na mishono minene yote.

Kata matambara vipande vya upana wa vidole viwili. Usiyaviringishe kuwa bonge moja, kwa sababu bonge linahama ndani ya soksi na mpira unakuwa na upande mzito. Yakunje moja juu ya jingine, kila tambara likivuka lile la chini yake, mpaka upate duara la sentimita 7. Sukuma hadi kwenye vidole vya soksi. Kamata soksi juu ya duara, sokota mara mbili, kisha rudisha sehemu iliyobaki juu ya mpira kwa kuigeuza nje ndani. Sokota tena, geuza tena, mpaka soksi iishe. Soksi ndefu inakupa tabaka tatu au nne. Vaa soksi ya pili juu yake kwa namna hiyo hiyo, ukianzia upande uliokuwa na msokoto ili ufunikwe. Mdomo wa mwisho ushone kwa sindano na uzi wa mkono, mishono midogo midogo. Usiufunge fundo.

Ukimaliza uwe na kipenyo cha sentimita 8 au 9 na uzito wa gramu 100 hadi 130, uzito wa chungwa dogo. Ukiwa mwepesi zaidi unapeperushwa na upepo na haufiki mita 10. Ukizidi gramu 180 unauma. Watoto watataka kuweka kijiwe ndani ili uende mbali. Minya kila mpira kwa vidole kabla ya kipindi, hasa ule ulioletwa kutoka nyumbani.

Kipimo cha haraka: udondoshe kutoka kiunoni. Mpira mzuri wa rede hauruki, unatua na kusogea kidogo. Ukidunda, utakimbia mbali kila ukikosa mtu.

Mpira wa tambara unakunywa maji. Ukilowa, uzito unaongezeka sana na usitumike siku hiyo, uanikwe. Kwa viwanja vinne tengeneza mipira sita, miwili ya akiba.

---

komwe_na_kokoto

Mdako niachieni mimi, ni mchezo unaodharauliwa kwa kuwa watu wamekaa chini.

Shimo: mduara wa sentimita 18 hadi 20, kina cha sentimita 4 au 5 katikati, na kingo zilizolala. Uwe kama sahani ya kina, usiwe kama kikombe. Kingo zikisimama, vidole vinakwama na kokoto haitoki. Likiwa bapa mno, kokoto zinazorudishwa zinavuka na kutokea upande wa pili. Chimba kwa kijiko au kigae, halafu nyunyiza maji kidogo na ulisugue kwa kiganja. Liache likauke mpaka kesho yake, litakuwa gumu na laini na halitabomoka. Shimo lililochimbwa dakika hiyo hiyo linatoa vumbi na changarawe kila mkono unapopita, na baada ya zamu tatu halina umbo.

Kokoto: 12 za shimoni, na moja ya kurusha. Za shimoni ziwe za mviringo, kama sentimita moja na nusu. Okota za mtoni au zile zilizosuguliwa na mvua kwenye mitaro. Kokoto za zege zilizopasuliwa zina ncha, zinachana ngozi chini ya kucha. Ya kurusha iwe kubwa kidogo, sentimita 3, na rangi tofauti ili jicho liione. Ndimu ndogo inafaa sana kwa wanaoanza, haiumizi ikiangukia vidole.

Nasema 12 kwa sababu inagawanyika kwa moja, mbili, tatu, nne na sita, na mdako ni mchezo wa kugawa. Sasa hatua.

Kokoto 12 zote ziko shimoni. Rusha ya juu, kwa mkono ule ule chota kokoto shimoni uzitoe nje, kisha daka ile ya juu kabla haijaanguka. Unaweza kuwa umetoa tatu, tano, hata zote. Rusha tena, na kabla ya kudaka rudisha shimoni ulizozitoa ukibakisha moja tu nje. Hiyo moja umeila, weka pembeni. Endelea hivyo mpaka shimo liwe tupu. Hapo umemaliza "moja". Rudisha zote 12, anza "mbili", kila mara ubakishe mbili. Kisha tatu, nne, tano, sita. Kwenye tano utabaki na mbili za mwisho zisizotosha, hizo unazila pamoja kama zilivyo. Darasani hilo ndilo salio la kugawa 12 kwa 5, na watoto wanaliona kwa macho.

Waliobobea wanacheza ya "zote": kila unapochota lazima shimo liwe tupu kabisa, ndipo urudishe ukibakisha. Kwa kokoto 12, kumaliza moja ni mirusho 23 bila kosa. Kumaliza mbili ni mirusho 11, tatu ni 7. Kwa hiyo "moja" ndiyo ndefu kuliko zote, na kwa watoto wapya anza na kokoto sita, ambapo hata ya zote ni mirusho 11 tu.

Unakufa ukidondosha ya kurusha, ukiidaka kwa msaada wa kifua au mkono wa pili, ukichota ukatoka mtupu, ukibakisha zaidi au pungufu ya idadi ya raundi, au ukigusa kwa vidole zile za pembeni ulizokwisha kula. Ukifa, mwenzako anaingia. Zamu yako ikirudi unaanzia mwanzo wa raundi uliyofia. Hutarudi nyuma kwenye moja.

Urefu wa mrusho ndio unaowashinda wengi. Mtoto anadhani akirusha juu sana atapata muda mwingi. Ukirusha nusu mita juu ya mkono unapata kama sekunde 0.6. Ukirusha mita moja unapata 0.9. Urefu umezidishwa mara mbili lakini muda haujafika mara mbili, na jiwe la juu halirudi wima, linakwenda mbele na unalifuata na mwili mzima. Kupata muda mara mbili ungehitaji kurusha mara nne juu zaidi. Kwa hiyo mrusho wa usawa wa macho ya aliyekaa unatosha, mradi uwe wima. Wafanye mazoezi ya kurusha na kudaka tu, bila kugusa shimo, mara ishirini. Jiwe likitua kwenye kiganja bila mkono kusogea, wameiva.

Jicho lifuate jiwe la juu likiwa linapanda. Likianza kushuka, jicho liwe shimoni tayari limeshaona kokoto za kukomba, na mkono unarudi. Anayetazama shimo tangu mwanzo anasahau kudaka, anayetazama juu muda wote anachota udongo.

Na wakati wa kutoa, usizikombe zikarundikana. Tandaza vidole, kokoto zitoke zimeachana. Ile unayotaka kuibakisha isogee mbali na wenzake kwa kidole cha mwisho, ili mrusho unaofuata uzirudishe nyingine kwa pigo moja la kiganja bila kuigusa.

Kwa darasa lako: mashimo 12, watoto wanne kila shimo. Kokoto 156 kwa jumla, kila mtoto akileta nne unazo na ziada. Mashimo yaachane mita 2, yawe kivulini, na mbali na njia ya wanaokimbia.

---

mwl_lanne

Asanteni sana, hii ni zaidi ya nilichotarajia. Maswali mawili. Kibaraza cha saruji kinaweza kutumika kwa mdako siku udongo umelowa? Na nina watoto wanaotumia mkono wa kushoto, wanagongana na walio karibu nao.

Halafu kombolela, kuna anayeweza kunipa sheria fupi?

---

komwe_na_kokoto

Saruji inafaa, ila mchezo unabadilika. Chora duara kwa chaki, kipenyo sentimita 20, hilo ndilo shimo. Hakuna ukingo wa kuzuia, kwa hiyo kokoto zinateleza mbali kwa pigo dogo. Punguza ziwe nane, na badala ya kukomba kwa kiganja wavute kwa ncha za vidole. Kokoto inayogusa mstari ihesabiwe iko nje. Hili msipokubaliana mapema mtapoteza muda mwingi, kwa sababu kwenye saruji nyingi zinasimama juu ya mstari. Komwe za bao ni laini na zinateleza zaidi, kwa saruji chukua kokoto zenye ngozi ya mkwaruzo. Kwa kurusha, ndimu ni bora hapo. Jiwe likianguka kwenye saruji linaruka na kumpata jirani.

Wa kushoto mkalishe upande ambao mkono wake wa kushoto unatazama nafasi tupu. Watoto wanne wakizunguka shimo, anayecheza asogee mbele na wengine watatu warudi nyuma hatua moja. Shimo liwe mbele ya bega la mkono anaotumia. Likiwa katikati ya magoti mkono unapita mbele ya mwili na jiwe linarushwa kwa pembe. Akae ubavu, miguu yote imekunjwa upande mmoja, upande ulio kinyume na mkono wa kuchezea. Akipiga magoti yuko juu mno, kila akichota anainamisha kichwa na kupoteza jiwe la juu.

Na kama kuna mtoto asiyeweza kukimbia, huu ndio mchezo wa kumweka awe mwamuzi na mchezaji pia. Siku ya rede achukue hesabu ya mirusho kumi ya mwisho.

---

kaka_wa_kopo

Kombolela kwa ufupi. Kopo tupu moja, duara la nusu mita, mlinzi mmoja. Mchezaji mmoja analipiga kopo teke liende mbali. Mlinzi analifuata, analirudisha na kulisimamisha wima ndani ya duara. Muda huo wengine wanajificha. Akimwona mtu, anakimbilia kopo, analigusa kwa mguu na kutaja jina na mahali: "Fulani, nyuma ya tangi." Aliyetajwa anakuja kukaa karibu na kopo kama mateka. Aliyejificha akiwahi kulipiga kopo kabla ya mlinzi, anapiga kelele "kombolela!", mateka wote wanakimbia kujificha tena na mlinzi anaanza upya. Akiwakamata wote, wa kwanza kukamatwa ndiye mlinzi anayefuata.

Akitaja jina la uongo, mateka wote wako huru. Ndiyo maana wanabadilishana mashati. Iruhusu, ila kwa sare za shule mlinzi hana hata rangi ya shati ya kumsaidia, kwa hiyo mpe haki ya kusogea mpaka aone uso.

Watoto 12 kwa mlinzi mmoja ni wengi. Atalia. Weka walinzi wawili, mmoja akitafuta, na mwingine asikae karibu na kopo chini ya hatua tano. Mlinzi anayesimama juu ya kopo hatafuti mtu na mchezo unaganda. Weka mipaka ya kujificha: vyoo, darasani, karibu na barabara na kisima hakuna kuingia. Zamu iwe dakika sita, waliobaki hawajaonekana wameshinda.

Kopo liwe la plastiki au bati ambalo mdomo wake umekunjwa ndani. Bati lenye makali linachana vidole vya wanaocheza pekupeku. Chupa ya plastiki yenye mchanga robo inasimama vizuri kwenye upepo, na haiendi mbali sana ikipigwa.

---

mwl_lanne

Swali la mwisho. Rede, waliokufa. Hata kwa kufufuana, kuna wanaokufa dakika ya kwanza na kukaa mpaka zamu iishe.

---

bintichumbageni

Wape kazi ya nyuma. Aliyekufa wa kwanza na wa pili waende nyuma ya mistari ya warushaji, mmoja kila upande, wawe waamuzi wa mstari: nani amevuka mstari wa pembeni, mrusho gani haukufika. Wa tatu ashike hesabu ya chupa. Hivyo kila ubishi una mtu wa kuuliza, na wewe unaweza kuzunguka viwanja vyote vinne.

Kama bado wanakaa sana, fupisha zamu ziwe dakika tatu na muweke raundi nyingi zaidi. Kwa dakika 40 mwenyewe utaona: tano za kupanga na kutangaza sheria, zamu nane za dakika tatu zenye dakika moja ya kubadilishana, na tatu za kukusanya mipira na kumwaga mchanga. Mchanga urudishe kwenye ndoo yenye mfuniko. Ukiuacha nje ukanyeshewa, wiki ijayo chupa haitajaa.